Mshale haungoji amri imalize

Juzi tena, hapa Mwanjelwa. Kijana ametoka Mbozi na laptopu mgongoni, hata kiti hajakivuta. "Shikamoo fundi. Faili la wakulima wa kahawa limeliwa na kirusi." Marahaba. Nikamwomba anionyeshe amri ya mwisho aliyoandika, akabonyeza kitufe cha mshale wa juu kwenye kibodi:

sort wakulima.txt > wakulima.txt

Kirusi ni yeye.

Nimechoka kuisikia dhana hii: kwamba amri kama sort (hupanga mistari ya faili) husoma faili, humaliza kupanga, halafu ndipo mshale (alama ya >, inayopeleka matokeo kwenye faili) huandika. Ni kinyume chake. Sheli (si ile ya mafuta; ni programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminali, lile dirisha la amri) inapouona mshale, kwanza hulifungua faili na kulimwaga likabaki baiti 0, kisha ndiyo huiita sort. Sort inafika inakuta sahani imeshaoshwa. Na hailalamiki, maana kupanga faili tupu si kosa. Hukuniamini? Chukua faili la majaribio, kosea jina la amri makusudi, andika sotr badala ya sort, uweke na mshale. Utaambiwa amri haipo, na faili litakuwa limekwisha vilevile.

Kuna wajuaji hunijibu kwamba wao hutumia cat wakulima.txt | sort > wakulima.txt na siku moja ilikubali. Ilikubali kwa bahati. Amri za pande mbili za bomba (alama ya |, inayopitisha matokeo ya amri moja kwenda nyingine) huanza pamoja. Cat, inayosoma faili na kulipitisha kwenye bomba, ikiwahi kusoma kabla faili halijamwagwa, umepona. Kesho mashine ikiwa na kazi nyingi, hauponi.

Andika sort -o wakulima.txt wakulima.txt, yenyewe husoma yote kabla ya kuandika. Kwa amri zisizo na kitu kama hicho, peleka matokeo kwenye faili jipya (mpya.txt), kisha, amri ikifaulu, lipe jina la lile la zamani: && mv mpya.txt wakulima.txt. Na kila ninayemfungia mashine namwekea set -o noclobber kwenye .bashrc (faili la mipangilio ambalo bash, moja ya sheli, hulisoma inapoanza), ili mshale mmoja ukatae kugusa faili lililokwishakuwapo. Ukidhamiria kweli, andika >|. Wananiambia inaudhi. Ndiyo kazi yake.

Dhana nyingine nazipitia haraka. Eti > logi.txt (logi ni faili la kumbukumbu za programu) hukusanya kila kitu: hapana, matokeo ya kawaida hupita mlango namba 1, ila ujumbe wa makosa hupita mlango namba 2 na kuishia kwenye skrini. Na ukiandika 2>&1 > logi.txt bado yatabaki kwenye skrini: 2>&1 maana yake mlango wa 2 uelekee uliko wa 1 kwa wakati huo, na sheli husoma kutoka kushoto. Faili litangulie: > logi.txt 2>&1.

Eti logi ikiwa tupu skripti (faili la amri) imekwama: kwenye terminali programu nyingi hutoa mstari kwa mstari, ila zikielekezwa kwenye faili hulimbikiza baiti elfu kadhaa kwenye kumbukumbu ndipo zimwage. Umeme ukikatika katikati, na hapa kwetu unakatika, ule mlimbikizo umekwenda. Kwa Python weka -u, ili isilimbikize.

Eti amri | tee logi.txt (tee huonyesha matokeo na kuyaandika kwenye faili) itakuambia amri ikishindwa: jibu la kufaulu au kushindwa unalopata ni la tee, nayo haishindwi mara kwa mara. Kwenye bash, set -o pipefail, ili bomba lote lihesabiwe limeshindwa amri yoyote ndani yake ikishindwa.

Yule kijana tulimpatia nakala aliyowahi kumtumia katibu wao kwa WhatsApp mwezi wa sita. Wakulima waliosajiliwa baada ya hapo anawaandika upya kutoka kwenye daftari.