Je, Wajua Kwa Nini Mtoto Mdogo Hulia Ndege Inaposhuka Kuliko Inapopaa?

Mtoto ametulia safari nzima. Ndege ilipopaa alishangaa tu, akatazama mawingu dirishani, akachezea mkanda, akala, akalala. Mzazi ameshaanza kushukuru moyoni. Mara, ikiwa imebaki kama nusu saa kufika, mtoto anashtuka usingizini na kupiga yowe lisilo la njaa wala la deko. Anarusha kichwa nyuma, mkono mmoja umeng'ang'ania sikio. Kichezeo anakitupa, akibebwa anajinyonganyonga. Ndege inatua, na baada ya muda mfupi amenyamaza, anatazama watu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hayo yalinikuta na mwanangu wa kwanza, akiwa na mwaka mmoja na nusu, safari yetu ya kwanza angani. Sikujua kinachompata, na kutojua huko kuliniuma kuliko macho ya abiria wenzangu. Nilipokuja kuelewa, nilitamani mtu angeniambia kabla sijafunga begi. Mtoto yule alikuwa anaumwa. Maumivu yale yana chanzo kinachoelezeka, na mara nyingi yanaweza kupunguzwa, mradi mzazi aanze mapema.

Tuanze na hewa yenyewe. Ndege kubwa za abiria huruka kwenye kimo cha mita 10,000 hadi 12,000 hivi. Huko juu presha ya hewa ni kama robo tu ya ile ya usawa wa bahari, na binadamu hawezi kuishi. Ndiyo maana hewa husukumwa ndani ya ndege muda wote. Wengi hudhani hewa hiyo inalingana na ya ardhini, lakini sivyo. Kubeba presha yote ya ardhini kungehitaji bodi nzito na imara zaidi, kwa hiyo ndege huundwa kwa kiwango cha kati: hewa ya ndani huwa kama ya kileleni mwa mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Boeing 787 na Airbus A350 zipo upande wa chini wa kiwango hicho. Ndege nyingi za zamani zaidi hukaribia upande wa juu. Kwenye mita 2,400 presha ni kama robo tatu ya ile ya pwani. Yaani kila abiria hupandishwa mlima na kuteremshwa akiwa amekaa kitini.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, fanya hivi. Ndege ikiwa juu kabisa, maliza maji ya chupa laini ya plastiki, kaza kizibo, kisha itie kwenye mfuko wa kiti cha mbele yako. Ndege ikishatua, itoe uitazame. Mbavu zimebonyea ndani, imesinyaa kama iliyokaliwa, na hakuna aliyeigusa. Uliifungia hewa hafifu ya juu, na hewa nzito ya chini imeibana kutoka nje hadi imepoteza karibu robo ya ujazo wake. Ishike akilini chupa hiyo, maana sikio la mtoto linapatwa na jambo lilelile.

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna kijichumba chenye hewa kinachoitwa sikio la kati. Hewa ya humo hupita njia moja tu: mrija mwembamba unaotoka sikioni hadi nyuma ya pua, juu ya koo. Ni mrija wa Eustachi, uliopewa jina la Bartolomeo Eustachi, mtaalamu wa maumbile ya mwili wa Italia katika karne ya 16. Muda mwingi umefumba. Hufunguka kwa kitambo kidogo sana tunapomeza au kupiga mwayo, kwa sababu msuli wa kaakaa laini huuvuta. Ule mlio wa "tak" unaousikia sikioni ukimeza mate ndani ya ndege ni wa mrija huo ukifunguka.

Sasa tazama tofauti ya kupaa na kushuka. Ndege ikipaa, presha ya nje hupungua na hewa iliyo sikioni hutanuka. Hewa inayotanuka hujisukuma yenyewe kupitia kwenye mrija na kutokea kooni, bila mtu kufanya lolote. Ndege ikishuka, mambo hugeuka. Presha ya nje inaongezeka, ile ya sikioni imebaki ya mlimani, na sasa hewa inatakiwa kuingia. Lakini mdomo wa mrija ule ni laini. Presha ya nje badala ya kuufungua inazidi kuufumba. Ni kama mlango unaofungukia nje: aliye ndani akiusukuma unafunguka, aliye nje akiusukuma anazidi kuubana. Hauingiliki mpaka msuli uuvute, yaani mpaka mtu ameze. Asipomeza, kiwambo kinavutwa kuelekea ndani na kukazwa kama ngozi ya ngoma.

Kwa mtu mzima, tofauti ya presha kati ya nje na ndani ya sikio ikifika kama milimita 60 za zebaki, maumivu huanza kuwa makali. Ikifika karibu 90, mrija hubanwa kiasi kwamba msuli peke yake hauwezi tena kuufungua, hata ukimeza namna gani. Na kutoka hewa ya mita 2,400 hadi usawa wa bahari, tofauti yote ni kama milimita 195. Hewa ya ndani ya ndege kwa kawaida hurudishwa taratibu, kwa mwendo unaolingana na kuteremka mita 90 hivi kila dakika. Ukipiga hesabu, sikio lisilofunguka hata mara moja linaweza kufikia kiwango cha maumivu baada ya dakika kama 9, na kile cha kubanwa baada ya dakika 13 au 14, wakati mteremko mzima huchukua karibu nusu saa.

Hapo ndipo wazazi wengi hukosea, nami nilikosea hapohapo. Nilingoja tangazo la wahudumu kujiandaa kutua ndipo nitoe kikombe cha maji. Tangazo hilo mara nyingi huja zikiwa zimebaki dakika kumi au pungufu, na wakati huo sikio limeshabanwa. Wakati wa kuanza ni ndege inapoacha kimo chake cha juu, na unaweza kuutambua bila kuambiwa. Mngurumo wa injini hupungua ghafla, pua ya ndege huinama kidogo, na sikio lako wewe mwenyewe huanza kuziba. Kama kuna skrini ya safari mbele yako, tazama tarakimu za kimo: zikianza kupungua, toa kikombe.

Lakini mbona mtu mzima aliyekaa jirani anasoma gazeti lake bila shida? Mrija wake ni mrefu, kama milimita 35 na zaidi, na umeinama nyuzi kama 45. Wa mtoto mchanga una nusu tu ya urefu huo, kama milimita 18, umelala karibu mlalo kwa nyuzi 10 hivi, na kuta zake ni laini. Msuli wa kuuvuta nao haujakomaa. Mrija hufikia umbo la utu uzima mtoto akiwa na miaka 7 hivi. Tena jirani na mlango wa mrija huo zipo nyama za puani, ambazo kwa watoto huwa kubwa na zinaweza kuuziba. Ongeza mafua, ambayo mtoto mdogo hupata kwa kawaida mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na utaona kwamba ni rahisi sana kupanda ndege na mtoto ambaye mrija wake umevimba tayari.

Kwa upande huu mtoto anayenyonya ana nafuu kuliko mwenye mwaka na kitu. Ukimpa titi au chupa ndege ikishuka, atanyonya, na kila anapomeza mrija unafunguka. Mtoto aliyekwisha anza kutembea ana maamuzi yake. Akisema hataki maji, hataki. Kuziba pua na kupuliza taratibu, mbinu iliyopewa jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu mwingine wa Italia, huwezi kumfundisha. Kingine, huwa amechoka, kwa hiyo amelala, na aliyelala humeza mara chache sana. Ndiyo sababu madaktari wengi hushauri aamshwe mteremko unapoanza, hata kama moyo wako unakataa. Mimi sasa huamsha.

Usimbembeleze anywe kwa wingi. Unachotafuta ni idadi ya kumeza. Kikombe chenye mrija wa kunywea ni bora kuliko glasi, kwa sababu mtoto hufyonza kidogo kidogo na kumeza mara nyingi. Kama bado anatumia chupa, anywe akiwa ameketi wima, si chali. Wengine hutulizwa na chuchu ya mpira, maana kuinyonya huleta mate na mate humezwa. Chakula laini anachokipenda kinafaa pia, kwa vipande vidogo vidogo, na ni vizuri kumwekea akiba ya kitu ambacho hajakiona tangu safari ianze. Peremende ngumu, karanga na ubani wa kutafuna usimpe; mtoto wa umri huu anaweza kupaliwa navyo, na ndani ya ndege msaada wa hospitali uko mbali. Kuhusu maji na maziwa, viwanja vingi vya ndege vina sharti la mililita 100 kwa vimiminika vya mkononi, lililoanza mwaka 2006, lakini mahitaji ya mtoto kwa kawaida huruhusiwa kuzidi kiasi hicho. Yatangaze mwenyewe kwenye ukaguzi.

Dawa ya kumlaza ni jambo la kuacha kabisa, isipokuwa daktari wake ameiagiza. Baadhi ya dawa za mzio zinazosifiwa kwa kuleta usingizi huwachangamsha watoto wengine badala ya kuwalaza, na hata zikifanya kazi, mtoto aliyelala fofofo ndiye asiyemeza. Kama ana mafua makali au sikio linauma kabla ya safari, mpeleke aangaliwe kwanza. Kuahirisha kwa siku chache kunaweza kuwa uamuzi sahihi. Aliyewekewa na daktari vijimrija kwenye kiwambo cha sikio, kwa upande huu yuko salama zaidi, kwa kuwa hewa inapita humo moja kwa moja.

Na akilia? Alie. Nasema hivi kwa mzazi ambaye shingo imelowa jasho kwa aibu: kilio hufungua mdomo, hukaza misuli ya koo na kumfanya mtoto ameze machozi na mate, na hayo husaidia mrija kufunguka. Si kila kilio cha ndegeni ni cha sikio, bila shaka. Hewa ya ndani ni kavu, unyevu wake mara nyingi haufiki asilimia 20, kwa hiyo kiu na pua kukauka vinaweza kumliza. Uchovu na kufungwa mkanda pia. Kilio cha sikio hutambulika kwa saa yake, wakati wa kushuka, kwa mkono unaorudi sikioni, na kwa kutulia ghafla akimeza.

Hewa hiyo hafifu ya nje ndiyo inayoeleza pia lile agizo linalowashtua wazazi, kwamba barakoa za oksijeni zikidondoka uvae yako kwanza ndipo umvike mtoto. Kwenye mita 10,500 hivi, hewa ya ndani ikipotea, mtu mzima hubaki na akili timamu kwa nusu dakika hadi dakika moja. Ukihangaika na mtoto anayepiga mateke, unaweza kupoteza fahamu kabla hujammalizia, na hapo mtakuwa wawili msio na wa kuwasaidia.

Baada ya kutua, masikio yanaweza kubaki mazito kwa saa kadhaa, na mtoto akawa haitiki vizuri akiitwa. Kwa kawaida hupita. Sikio likitoa majimaji au damu, akipata homa, au akiendelea kulishika na kulia siku inayofuata, aonwe na daktari.

Safari yetu ya kurudi nilikaa nikisikiliza injini. Mngurumo uliposhuka nilimwamsha, akakunja uso, nikampa kikombe. Alifyonza, akameza, akasimama, akafyonza tena. Mara moja mkono ulipanda sikioni. Akameza, mkono ukashuka. Magurudumu yalipogusa ardhi alikuwa ameshaichomoa ile chupa tupu kwenye mfuko wa kiti, imebonyea pande zote, anaishangaa. Nilimfungulia kizibo. Ikavuta pumzi, "fsss", ikaruka mikononi mwake na kurudia umbo lake, naye akaninyooshea niifunge tena.