Bibi wa Magomeni si milionea

Wiki iliyopita, kwenye kundi la WhatsApp la niliosoma nao, mmoja aliandika: "Mtu ana nyumba Magomeni halafu analia njaa? Si auze?" Wakamshangilia. Neno hilo nimeshalisikia kwa maafisa mikopo, kwa diwani mmoja, hata kwa shemeji yangu mezani, na nimechoka kulijibu kwa mdomo. Naliandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia ukurasa huu.

Mimi ni mthamini wa ardhi na majengo hapa Dar es Salaam. Naingia kwenye nyumba za watu na futi yangu, napima, napiga picha, nauliza mauziano ya jirani, kisha naandika namba. Namba hiyo ndiyo inayowachanganya watu. Wanaichukua kama vile ni pesa.

Niwape nyumba moja niliyoifanyia kazi. Nyumba ya Kiswahili ya kawaida: kibaraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko, bafu na choo. Bibi, mjane wa mwenye nyumba, anakaa chumba cha kwanza kulia. Vitano vimepangishwa. Mirathi ilifunguliwa mahakama ya mwanzo, msimamizi ni mtoto mkubwa, na watoto hawaelewani: wawili wanataka kuuza, wengine wanasema nyumba ya baba haiuzwi. Nilipokuwa napima korido bibi aliketi kwenye kigoda mlangoni, miguu ameinyoosha, na kila mara futi ilipofika kwake aliinua miguu yake mwenyewe bila kuombwa. Ameshapimiwa mara nyingi.

Tuseme kila chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Vitano ni 300,000. Kwa sheria ya Kiislamu mjane ambaye marehemu ameacha watoto anapata thumni, moja ya nane. Thumni ya 300,000 ni 37,500. Sasa chukua Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, ule wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi uliwekwa 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kama bibi angekula kwa fungu lake tu, yuko chini ya mstari hata kwa bei za miaka ile. Na ripoti yangu ya nyumba hiyo hiyo ina namba ya mamia ya milioni.

Vyote viwili ni kweli. Hapo ndipo watu wanaponikatalia. Mtafiti wa kaya anauliza umekula nini, umelipa nini, umevaa nini. Mimi nauliza kitu chako kingeuzwa kwa kiasi gani. Yeye anapima matumizi, mimi napima mali. Kwa hiyo ukisoma kwamba Dar es Salaam maskini walikuwa asilimia 8, au kwamba kipimo cha Gini cha nchi, kile cha pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho, kilikuwa 0.38, usikimbilie kusema mjini pengo ni dogo. Vipimo hivyo havikuingia kwenye daftari la hati. Havijui nani ana viwanja vitatu Masaki na nani ana begi na godoro Tandale. Pengo kubwa la Dar liko kwenye ardhi, kabla hujafika kwenye mishahara.

"Si auze?" Haya, tuuze. Tuseme milioni 400, namba ya mviringo ya mfano. Thumni ya bibi ni milioni 50. Anaondoka Magomeni anakwenda pembezoni mwa mji, Chanika au Chamazi, ananunua kiwanja, anajenga vyumba viwili, hela imekwisha, na kodi ya vyumba imekatika. Kliniki yake ya presha, msikiti wake, mwenye duka anayemkopesha unga, vyote vimebaki nyuma. Auze kwa faida ya nani?

"Basi akope." Benki haikopeshi kwa namba yangu ya soko. Inaangalia bei ya mnada, yaani itakachopata ikilazimika kuuza haraka, na hiyo ni ndogo zaidi. Halafu inaangalia marejesho yanatoka wapi, na 37,500 hairejeshi kitu. Na huyu ana nafuu, maana kiwanja chao kimepimwa na kina hati. Ukiwa eneo lisilopimwa una leseni ya makazi ya miaka michache, au karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa na majina ya mashahidi ambao nusu wameshafariki. Mwenzako wa Oysterbay ana hati ya miaka 99. Nyumba mbili zinaweza kuwa na matofali yale yale na saruji ile ile, karatasi ikazitenga.

Linaloniudhi zaidi ni imani iliyo chini ya hiyo: kwamba thamani ya kiwanja ni jasho la mwenye kiwanja. Si kweli, na mthamini yeyote anajua si kweli, maana hesabu zetu zote zinaanza na mahali. Mahali hapajengwi na mwenyewe. Wakoloni, Wajerumani kwanza kisha Waingereza, waligawa mji huu kanda tatu, na hadi leo tunazo kwenye ulimi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kuwatenga Waafrika na wengine. Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, ikapewa Waafrika kwa viwanja vidogo vilivyobanana. Oysterbay ikapata viwanja vikubwa, upepo wa bahari na barabara pana. Leo nikithaminisha nyumba Oysterbay, sehemu kubwa ya namba ninayoandika ni ule mchoro wa mkoloni. Tembea dakika chache uingie Msasani Bonde la Mpunga, bahari ni ile ile, na bei ya mita ya mraba inaanguka mbele ya macho yako.

Hata mwendokasi. Mabasi yalipoanza Barabara ya Morogoro 2016, wenye viwanja vya karibu hawakubeba hata tofali moja. Njia ilijengwa kwa fedha ya umma, thamani ikaingia mfukoni mwa aliyekuwa na kiwanja, na mpangaji akapandishiwa kodi ya chumba. Mpangaji huyo kwenye ripoti yangu hana jina. Ni mstari: "chumba, shilingi kadhaa kwa mwezi." Naona aibu kila ninapouandika.

Na sheria yenyewe ilichelewa kukubali. Mpaka Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi tupu ilihesabiwa kama haina thamani, kilichothaminiwa ni maendelezo. Watu wakawa wananunua shamba na kuandikiana kwamba wameuziana mikorosho. Kila mtu alijua kinachouzwa ni nini. Waliokuwa na hela na taarifa miaka hiyo walinunua mikorosho mingi sana.

Kodi ya majengo, hapa nitakwenda taratibu. Sheria ya 1983 iliiweka juu ya thamani ya jengo: jengo la thamani kubwa, kodi kubwa. Tukaiacha, tukaenda kwenye kiwango kimoja, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kwa viwango vya 2023, nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kila mwezi, na ghorofa mjini ni 90,000 kwa kila sakafu. Isome tena. Bangaloo la Oysterbay lisilo ghorofa, lenye bustani ya kuchezea mpira, ni nyumba ya kawaida. Nyumba ya bibi ni nyumba ya kawaida. 1,500 na 1,500. Na anayekatwa ni anayenunua umeme. Kwa bibi mita ni moja, wapangaji wanachanga kwa zamu, na wa zamu ya kwanza ya mwezi anaona uniti zimepungua. Kijana muuza chipsi anamlipia mwenye nyumba kodi ya mali isiyo yake.

Nitasema haki: kiwango kimoja kinakusanyika kirahisi, na daftari la uthamini la zamani halikuwahi kuwafikia watu wote. Lakini urahisi huo kuna anayeulipia.

Tena namba zetu wathamini hazina uimara tunaojifanya zina. Tunatakiwa tufuate bei za mauziano halisi. Mikataba mingi inaandikwa bei ndogo kuliko iliyolipwa, ili kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu vipungue. Kwa hiyo nampigia dalali, naye ananiambia bei anayotaka iaminike. Wathamini wawili waaminifu wanaweza kutofautiana sana kwa nyumba moja. Vitabuni hilo lina aya mbili. Kazini ndilo linalonikosesha usingizi, hasa nikijua familia itagawana kwa namba yangu.

Nyumba haijauzwa. Mwezi huu chumba cha pili kushoto kimepata mpangaji mpya, amelipa ya miezi sita, 360,000. Msimamizi alinipigia nimhakikishie hesabu ya mama yake. Nikamwambia 45,000. Akauliza kama hiyo ni ya mwezi. Nikamwambia hapana, ni ya chumba hicho mpaka miezi sita iishe.