Reli hailipiwi na nauli pekee

Kwenye matatu za Mombasa Road utasikia: "SGR itajilipa kwa nauli ya wanaoipanda, mimi inanihusu nini?" Inakuhusu sana. SGR, yaani reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ilijengwa zaidi kwa mkopo kutoka China, na tangu 2013 bidhaa zinazoingia nchini hutozwa ushuru wa maendeleo ya reli. Shati la mitumba pale Gikomba lina senti za reli ndani ya bei yake, hata kama anayelivaa hajawahi kufika kituo cha treni cha Syokimau. Barabara nazo? Kila lita ya petroli ina tozo yake ya matengenezo, ila hakuna anayeiuliza barabara ya mtaani faida. Basi kwa kuwa nawe unalipa, muulize mbunge wako: treni za abiria za Ruiru na Embakasi zinatengewa pesa ngapi?