Familia ya The Incredibles: yanayosemwa na yanayoonekana

Dhana: ni katuni ya watoto tu. Watoto wataifurahia, lakini filamu hii ya Brad Bird ya mwaka 2004, kuhusu familia ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, ina mume anayemficha mkewe kwamba amefukuzwa kazi, na mke anayeanza kuhisi kuna mwanamke mwingine. Hayo ni mambo ya watu wazima.

Dhana: baba ndiye anayeiokoa familia. Hapa ndipo watazamaji wengi wanapopotea. Bob Parr, ndiye baba, anakwenda kisiwani kwa siri, ananaswa. Mkewe Helen anamfuata, watoto wao wawili, Violet na Dash, wakiwa wamejificha ndani ya ndege. Baadaye, wote wanapofungwa, anayewafungua ni Violet, yule binti mwenye haya. Hata hivyo Bob bado anataka kwenda kupigana peke yake, mpaka Helen anapombana, ndipo anapokiri kwamba anaogopa kuwapoteza tena.

Kumbuka neno hilo, peke yake. Miaka mingi nyuma, mtoto Buddy alipoomba kuwa msaidizi wake, Bob alimfukuza akisema yeye hufanya kazi peke yake. Kinyongo cha mtoto huyo ndicho kilichomzaa Syndrome, adui wa filamu, ambaye ni Buddy huyohuyo akiwa mtu mzima. Kwa hiyo adui na shujaa wanatoka kwenye kosa moja, na kosa hilo ni la shujaa.

Dhana: inawadharau wasio na vipaji. Lawama hii imerudiwa sana. Lakini Syndrome hahukumiwi kwa kutaka makuu. Ameua mashujaa mmoja baada ya mwingine ili kulijaribu roboti lake. Edna Mode hana nguvu yoyote ya ajabu, ni fundi wa mavazi, na mashujaa wenyewe wanamnyenyekea. Naye Bob, akiwa karani wa bima, anamwelekeza bibi mmoja kwa siri namna ya kupata haki yake.

Dhana: mahali pa mama ni nyumbani. Helen kijana anasema waziwazi kwamba hawaachii wanaume kazi ya kuokoa dunia. Katika filamu ya pili, ya 2018, yeye ndiye anayekwenda kazini, Bob akibaki na watoto.

Dhana: mzazi mwema hakosei. Makombora yanapoikaribia ndege, Helen anamfokea Violet aizungushie ngao anayoweza kuiunda kwa nguvu zake. Violet anashindwa, ndege inalipuka. Ni mama huyohuyo aliyekuwa akiwakataza watoto kutumia nguvu zao. Walipofika pangoni anamwomba bintiye radhi: halikuwa kosa lake, na haikuwa haki kumtwisha mzigo mkubwa hivyo kwa ghafla. Hajitetei. Kwangu mimi hakuna somo la malezi linaloshinda hilo katika filamu nzima. Mama akishaondoka, Violet anaanza kufanya mazoezi mbele ya moto, na walinzi wanapomfyatulia Dash risasi msituni, anamkinga mdogo wake kwa ngao ileile iliyomshinda angani.