Je, Bahari Inakula Nchi? Dhana Potofu Kuhusu Mawimbi, Mikondo na Mchanga wa Pwani

Katika ufukwe wa Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, majengo yaliyosimamishwa mbali na maji yalikuja kufikiwa na mawimbi, na hoteli mojawapo iliyokuwa na sifa eneo hilo ilihamwa baada ya ardhi yake kumegwa mwaka hadi mwaka. Watu wa pwani huieleza hali kama hiyo kwa maneno machache: bahari imekula nchi. Kauli hiyo inaeleza vizuri kile jicho linachokiona, lakini inaficha nusu ya habari, kwa sababu bahari haiumalizi mchanga inaoumega. Inauchukua mahali pamoja na kuulaza mahali pengine, na asiyeuliza mchanga umetoka wapi na umekwenda wapi hawezi kuelewa kwa nini ufukwe wake unapungua, wala hawezi kuulinda.

Wengi huamini kwamba wimbi ni maji yanayosafiri kutoka kilindini hadi nchi kavu. Kinachosafiri hasa ni nguvu. Ngalawa iliyotia nanga nje ya mwamba hupandishwa na kushushwa na kila wimbi linalopita chini yake, lakini haipelekwi ufukweni, kwa kuwa maji yenyewe huzunguka tu na kurudi karibu na pale yalipokuwa. Mambo hubadilika wimbi linapofika mahali ambapo kina cha maji ni chini ya nusu ya umbali uliopo kati ya kilele kimoja na kingine. Hapo wimbi huanza kugusa chini, hupunguza mwendo, huinuka, na mwishowe hupasuka na kuimwaga nguvu yake yote juu ya mchanga au mwamba. Kwa kuwa upande ulio kwenye maji madogo hupungua mwendo kabla ya ule ulio kwenye maji makubwa, wimbi hupinda kufuata umbo la pwani, likaikusanyia rasi nguvu na kuitawanya nguvu hiyo ndani ya ghuba. Ndiyo maana rasi huchongwa na kubaki mawe matupu, ilhali ghuba iliyo jirani yake hupata mchanga laini.

Dhana nyingine, ambayo nimeisikia hata kwa watu waliosoma, ni kwamba mchanga wa fukwe zetu huchukuliwa na mkondo mkubwa wa bahari unaopita mbele ya Tanzania na Kenya kuelekea kaskazini. Mkondo huo upo na una nguvu, lakini njia yake kuu iko kwenye maji makubwa, nje ya miamba ya matumbawe. Mkondo unaohamisha mchanga wa ufukweni ni mwingine kabisa, na huzaliwa na mawimbi yenyewe. Wimbi linapoifikia pwani kwa mshazari, maji yake hupanda ufukwe kwa mshazari huohuo yakiwa yamebeba punje za mchanga, kisha hushuka moja kwa moja kufuata mteremko. Wimbi linalofuata huzidaka punje zilezile na kuzisogeza tena. Kila punje husonga kwa hatua ndogo za kupanda na kushuka, na maji yaliyo ndani ya eneo la mapovu nayo hutiririka sambamba na ufukwe. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, safari hiyo huelekea kaskazini. Kaskazi inapovuma, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, huelekea kusini. Katika eneo la Kunduchi hesabu ya mwaka mzima huishia upande wa kaskazini, kwa sababu kusi huvuma kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Kutokana na zamu hizo za pepo, ufukwe unaoonekana mwembamba si lazima uwe umeharibika. Mawimbi makali yanayofuatana kwa karibu huuteremsha mchanga hadi kwenye fungu lililo chini ya maji, na mawimbi tulivu ya miezi inayofuata huurudisha juu polepole. Zaidi ya hayo, wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, kwa hiyo picha mbili za ufukwe mmoja zilizopigwa kwa kupishana wiki moja zinaweza kuonekana kama za sehemu mbili tofauti. Anayetaka kujua kama ufukwe unapotea kweli aupime katika msimu uleule na katika hali ileile ya maji, kwa miaka kadhaa, tena kutokea alama isiyohama. Bila vipimo vya namna hiyo, hofu na matumaini hubaki kuwa kubahatisha.

Turudi Kunduchi, kwa sababu hapo ndipo dhana potofu zilipoleta hasara kubwa. Mchanga wa ufukwe ule kwa sehemu kubwa haukuzaliwa baharini. Uliteremshwa na vijito vinavyotoka kwenye vilima vya nyuma, kama vile Mbezi na Tegeta, ambavyo mvua za masika huvijaza ghafla. Kwa miongo kadhaa malori yamekuwa yakichota mchanga wa ujenzi katika mabonde ya vijito hivyo, huku wachotaji na wanunuzi wakiamini kuwa mchanga wa mtoni hauna uhusiano wowote na bahari. Uhusiano upo, na ni wa moja kwa moja. Mawimbi yaliendelea kuuhamisha mchanga kama yalivyofanya siku zote, lakini uliokuwa ukija kujaza pengo ukapungua. Bahari haikubadili tabia yake. Aliyebadilika ni mlishaji wa ufukwe. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo kila anayejenga nyumba jijini angepaswa kuelezwa kabla ya kuagiza lori lake la kwanza la mchanga. Simlaumu anayetafuta riziki yake kwa koleo, lakini gharama ya mchanga ule hulipwa na mtu mwingine aliye kilomita chache kutoka pale ulipochotwa, ambaye hakuulizwa.

Ufukwe ulipoanza kupungua, wenye hoteli walijenga kuta fupi za mawe zinazoingia baharini ili kuuzuia mchanga usipite. Wengi hudhani kuwa kuta za aina hiyo hutengeneza mchanga. Ukweli ni kwamba huukamata tu mchanga uliokuwa njiani kwenda kwa jirani. Upande wa kusini wa ukuta hujaa na ufukwe hupanuka, jambo linalomfurahisha aliyejenga. Upande wa kaskazini mawimbi huendelea kuchukua bila kuletewa, na ardhi humegeka kwa kasi kuliko mwanzo. Jirani naye hujenga ukuta wake, na tatizo husogezwa kwa anayefuata.

Ukuta unaojengwa sambamba na pwani una kazi tofauti, na dhana yake potofu ni kwamba unaulinda ufukwe. Huilinda ardhi iliyo nyuma yake. Ule wa barabara ya pwani katikati ya Dar es Salaam, iliyojulikana kwa miaka mingi kama Ocean Road, ulikuwa na haki ya kujengwa upya, kwa kuwa barabara isingeweza kuhamishwa kwa urahisi. Lakini wimbi linalogonga ukuta wima hurudi na nguvu yake, likachimba mchanga ulio chini ya ukuta, na mara nyingi watu hubaki na ukuta imara na kupoteza mahali pa kutembea.

Kuuziba mto huleta matokeo yaleyale kwa kipimo kikubwa zaidi. Tangu bwawa kuu la Aswan, nchini Misri, lilipokamilika mwaka 1970, karibu mashapo yote ya Nile, yaani mchanga na tope unaoubeba, hubaki nyuma ya bwawa, na ncha ya delta huko Rosetta imemegwa sana na mawimbi ya Mediterania.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba pwani zote zinarudi nyuma. Katika ghuba ya Malindi ufukwe umesonga kuelekea baharini, hata hoteli zilizojengwa karibu na maji zikajikuta mbali nayo. Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi na kisha Galana, huleta udongo mwingi kutoka mashamba na malisho ya bara, na wakati wa kaskazi maji yake ya rangi ya kahawia husukumwa kusini hadi mbele ya mji. Ardhi mpya huonekana kama zawadi, lakini tope hilohilo huyanyima mwanga majani ya bahari na huyafunika matumbawe. Mchanga uliolimbikizwa Malindi na udongo uliopotea shambani ni kitu kimoja katika vituo viwili vya safari yake.

Mchanga mweupe wa mashariki mwa Unguja una asili nyingine. Si mawe yaliyosagwa na mawimbi peke yake. Sehemu kubwa ni mabaki ya matumbawe, magamba ya kombe na mwani wenye chokaa. Pono, samaki ambaye Waswahili humjua zaidi kwa usingizi wake, hutafuna matumbawe na kuyatoa yakiwa mchanga. Mwamba wa matumbawe ukifa, ufukwe hupoteza kinga na chanzo chake kwa wakati mmoja.

Wapo wanaotupia lawama zote kupanda kwa usawa wa bahari. Usawa huo umepanda kweli, kwa wastani wa takriban sentimita 20 duniani kati ya 1901 na 2018, na kasi inaongezeka, jambo linaloyawezesha mawimbi kufika juu zaidi wakati wa bamvua. Lakini sababu hiyo inatakiwa kuongezwa kwenye nyingine, isitumiwe kuzifuta. Vilevile, si kila ufukwe unaomegeka unaweza kuokolewa kwa kupanda mikoko, kwani mche wake huhitaji maji yaliyotulia na tope. Ukipandwa kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi ya wazi hung'olewa upesi.

Mbele ya Pangani kilikuwapo kisiwa kidogo cha Maziwe, chenye mivinje, ambako kasa walipanda kutaga. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 miti ilikuwa imekwisha na kisiwa hakikuwapo tena juu ya maji yaliyojaa. Watu husema kilizama. Mchanga wake haukuzama: ukataji wa miti iliyoushika umetajwa kuwa sababu kubwa, pamoja na kupanda kwa bahari, na mawimbi yakaupata ukiwa huru. Maji yanapokupwa, fungu jeupe hujitokeza hadi leo katikati ya matumbawe, likibadili umbo kufuata pepo, na kasa bado hulipanda usiku na kutaga humo. Kwa kuwa maji yatalifunika tena, mayai hufukuliwa na kupelekwa ufukwe wa Ushongo, bara, yakaanguliwe huko.