Salamu za Daftarini

Barua ya rufaa ilisema ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Binti wa miaka 19, mwaka wa kwanza chuoni, ameacha kwenda darasani. Aliingia na mama yake, akaniamkia: "Shikamoo dokta, habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi, watoto hawajambo?" Yote kwa pumzi moja, bila kunipa nafasi ya kujibu. Mara ya tatu tulipokutana akatoa daftari. Kurasa nne za salamu kwa mwandiko mdogo: nani huamkiwa vipi, akijibu "salama tu" useme nini, mzaha wa mjomba uucheke kwa muda gani. Alianza kuliandika akiwa darasa la tano. "Nikitoka kwenye watu," akaniambia, "nalala bila kula."

(Kisa hiki nimekishona kutoka kwa vijana kadhaa niliowahudumia, asitambulike yeyote.)

Kazi aliyokuwa akiifanya binti huyu miaka yote hiyo ni kuficha usonji, hali ya kuzaliwa nayo inayomfanya mtu ayapokee mazungumzo, macho ya watu na kelele kwa namna tofauti na wengi. Mwaka 2017 Laura Hull na wenzake nchini Uingereza walichapisha utafiti wa watu wazima 92 wenye usonji. Watu hao walieleza uchovu mkubwa baada ya kujificha, na kuhisi kama wanawadanganya watu kuhusu walivyo. Ninayoyasikia hapa Dar es Salaam ni hayo hayo, ila kwetu adabu yenyewe humfunika mtoto. Kutomkazia mkubwa macho ni heshima. Msichana asiyesema husifiwa kuwa ametulia. Hakuna anayeshtuka, mpaka afike bweni lenye watu wanane chumba kimoja, redio haizimwi, taa haizimwi, na pa kuvulia ule uso wa kuvaa hakuna.

Hapo ndipo tiba hukosea, na mimi nimewahi kukosea. Aliyejifungia ndani kwa sonona tunamhimiza arudi kwenye shughuli na watu, kidogo kidogo, na mara nyingi humsaidia. Lakini kuna kuishiwa nguvu kwa mwenye usonji, ambako Dora Raymaker na wenzake walikueleza mwaka 2020: uchovu unaodumu miezi mitatu au zaidi, mtu anapoteza uwezo aliokuwa nao, na kelele alizozimudu jana leo zinamtesa. Aliyekuwa akipika pilau anashindwa kuchemsha chai. Ukimpeleka huyu harusini "akachangamke", unamzamisha. Kwanza apunguziwe mzigo: chumba kimya, vipindi vichache, siku nzima bila kulazimika kusalimiana na mtu. Hali hizi mbili zinaweza kumpata mtu mmoja kwa pamoja, ndiyo maana siharakishi.

Namna ya kuuliza nayo ni sehemu ya tiba. Karibu nusu ya watu wenye usonji hupata shida kuzitambua na kuzitaja hisia zao, kwa hiyo "unajisikiaje?" hujibiwa "sijui", na ni kweli hajui. Nauliza tumbo likoje, mikono ina joto au baridi, jana ulilala saa ngapi. Na kuhusu kujiua nauliza kwa jina lake. Ukimuuliza kijana anayechukua maneno yalivyo kama "amechoka na maisha", anaweza kukujibu hapana huku ana mpango tayari. Utafiti wa Sarah Cassidy wa mwaka 2014, kwa watu waliotambuliwa kuwa na Asperger (jina la zamani la aina mojawapo ya usonji) wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima, ulikuta 66% wamewahi kufikiria kujiua. Basi uliza waziwazi, kisha mwandikiane kwenye karatasi: nani apigiwe simu, dawa zifungiwe wapi, usiku huu nani akae naye.

Tulipomaliza tathmini nikamwambia jina la hali yake. Mama ndiye aliyelia. "Kwa hiyo si kwamba nilimlea vibaya?" Hapana, mama, hukumlea vibaya. Binti yeye aliuliza kama ajiite "mwenye usonji" au vinginevyo. Nikamweleza kuhusu viziwi: wengine tulipokuwa tukitafuta maneno ya kuwastahi, wao walibaki na neno lao, na chama chao kikaitwa Chama cha Viziwi Tanzania. Jina litakalomkaa atalichagua yeye, si mimi wala mama yake.

Kilichomsaidia zaidi ni wenzake. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walipitisha hadithi kutoka mtu hadi mtu, kama ule mchezo wa kunong'onezana. Wenye usonji walipokuwa peke yao hadithi ilifika vizuri sawa na kwa wasio na usonji. Ilipotea zaidi pale makundi yalipochanganywa. Kumbe kutoelewana kuna pande mbili, lakini toka utotoni upande mmoja tu ndio umekuwa ukiandika madaftari.

Jumamosi vijana sita hukutana kwenye chumba changu cha nyuma, feni imezimwa kwa sababu mmoja haivumilii. Wiki iliyopita binti alifika, akapunga mkono, akaketi dirishani. Hakuna aliyemuuliza habari za nyumbani. Baada ya dakika ishirini hivi kijana mmoja akamsogezea karatasi aliyochora vituo vyote vya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni. Akaitazama, akachukua kalamu, akasahihisha kimoja.