Kubadilisha DNS hakuondoi kukwama kwa gemu

Vijana wengi wa Kampala wenye PlayStation watakwambia: gemu likikwama, weka DNS ya Google, 8.8.8.8. Ushauri huu umezunguka miaka mingi, na si sahihi.

DNS hutafuta anwani ya seva kwa jina lake, kama unavyotafuta namba ya mtu kwenye simu kabla ya kumpigia. Mechi ikishaanza, kazi yake imekwisha. Kinachoumiza ni muda wa data kwenda na kurudi. Uganda haina bahari, kwa hiyo data nyingi hupita kwenye faiba, yaani nyaya za kioo zinazobeba data kwa mwanga, hadi Mombasa, kisha chini ya bahari. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde; seva ikiwa London, kwenda na kurudi hakushuki chini ya milisekunde 60 hata njia ingenyooka kabisa. Na hainyooki.

Nyumbani, chomeka waya wa LAN kutoka kwenye ruta hadi kwenye konsoli. Hakuna jambo ningelitanguliza kuliko hilo. Waya usipofika, tumia Wi-Fi ya 5 GHz, konsoli ikiwa chumba kimoja na ruta. Gemu likiruhusu kuchagua seva na ya Johannesburg ipo, ijaribu kwanza, kwa kuwa iko karibu kuliko London.